Mbakaji Aliyevaa Sare

Serikali zinapotaka kwenda vitani huwakumbuka wanawake. Majira mengine yote zaweza kuwasahau, zikawaacha wapange foleni tangu alfajiri hadi jua la utosi mbele ya kaunta ya polisi wakisubiri fomu ya P3. Lakini siku majeshi yanapotakiwa kuvuka mpaka, viongozi hupanda jukwaani wakatusimulia habari za mabinti walionajisiwa ng'ambo, kwa uchungu wa mzazi. Hatusemi kwamba habari hizo ni za uongo. Mara nyingi ni za kweli, na ndiyo sababu zinatugusa. Tunachouliza ni kitu kimoja tu: kiongozi aliyelia hadharani kwa ajili ya mwanamke wa mbali, humfanya nini askari wake mwenyewe anapotenda jambo lile lile?

Swali hilo halitulazimu kuvuka bahari kutafuta jibu. Jibu liko Archers Post, liko Dol Dol, liko Nanyuki.

Tangu bendera ya Malkia iteremshwe mwaka 1963, wanajeshi wa Uingereza wameendelea kuja nchini kwa mapatano ya serikali mbili ili kufanya mazoezi ya vita katika nyanda za Samburu na Laikipia. Mwaka 2003 shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti juu ya madai 650 ya ubakaji dhidi ya wanajeshi hao, yaliyosemwa kutokea kati ya mwaka 1965 na mwaka 2001. Zaidi ya nusu yalihusu wanawake waliobakwa na kundi la wanaume. Walishambuliwa wakiwa katika kazi ambazo mwanamke wa jamii ya wafugaji hawezi kuziahirisha: kuchunga mbuzi, kuokota kuni, kuteka maji. Waliporudi nyumbani, baadhi yao walipigwa na kufukuzwa na waume zao kana kwamba wao ndio waliotenda kosa. Mwaka 1990, mwaka ule ule ambao Wakenya walifurika Kamukunji tarehe 7 Julai kudai vyama vingi, kundi la wanawake wa Kisamburu lilianzisha kijiji chao karibu na Archers Post, wakakiita Umoja, wakaweka sharti kwamba mwanamume hataishi humo. Miongoni mwao walikuwamo waliosema kwamba wamenajisiwa na askari wa Uingereza. Wakati taifa zima lilipokuwa likibishana juu ya kifungu cha 2A cha Katiba, wao walikuwa wakikandika udongo na kinyesi cha ng'ombe ukutani ili wapate mahali pa kulala bila hofu. Hayo nayo yalikuwa mageuzi, ingawa hayakuandikwa katika ukurasa wa kwanza wa gazeti lolote.

Turudi kwenye mwaka 2003. Mwezi Machi mwaka huo Marekani na Uingereza ziliivamia Iraki. Sababu kuu iliyotangazwa ilikuwa silaha za maangamizi, ambazo hazikupatikana. Kadiri silaha zilivyozidi kukosekana, ndivyo sababu nyingine zilivyosogezwa mbele, na mojawapo ilikuwa magereza ya Saddam Hussein ambamo watu waliteswa na wanawake wakanajisiwa. Rais George W. Bush alirudia mara nyingi kwamba vyumba vya ubakaji vya Iraki vimekwisha kufungwa. Mwishoni mwa Aprili 2004 ulimwengu ukaonyeshwa picha za gereza la Abu Ghraib, ambamo askari wa Marekani waliwavua nguo wafungwa na kuwadhalilisha kwa namna ambazo hatutaziandika katika karatasi itakayosomwa na vijana baada ya ibada. Askari kumi na mmoja wa vyeo vya chini walipatikana na hatia, na aliyepewa kifungo kirefu kuliko wote alipata miaka 10. Jenerali mmoja alishushwa cheo. Hakuna jenerali aliyelala seli hata usiku mmoja.

Na Uingereza, mshirika wake? Wakati mawaziri wake walipokuwa wakilieleza Bunge lao mateso ya wananchi wa Iraki, polisi wa jeshi lao walikuwa wametumwa Kenya kuchunguza malalamiko ya wanawake wa Samburu na Laikipia. Uchunguzi huo ulianza mwaka 2003 ukamalizika mwaka 2006. Mashahidi wengi walihojiwa, wanawake wakarudia mbele ya wageni mambo ambayo hata mama zao hawakuwaeleza. Kisha ikatangazwa kwamba hakuna hata askari mmoja atakayeshtakiwa. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba sehemu ya kumbukumbu zilizotolewa kama ushahidi zilionekana kuwa zimeghushiwa.

Hebu tulipime jambo hili kwa haki, kwa maana anayedai haki hana ruhusa ya kuipindisha. Yawezekana kabisa kwamba mahali palipotajwa fidia walijitokeza watu wenye tamaa, wakaandika majina yasiyokuwapo katika vitabu vya zamani vya polisi. Mwaka 2002 Uingereza ilikuwa imekubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu 228 waliojeruhiwa, au waliofiwa na jamaa zao, kwa mabomu yaliyoachwa malishoni, na habari za fedha husafiri haraka kuliko habari za msiba. Lakini ukurasa wa uongo haufuti kurasa za kweli zilizo kando yake. Mpelelezi akikuta noti moja bandia dukani hatangazi kwamba duka zima halijawahi kuuza kitu. Tena kulikuwa na watoto wa damu mchanganyiko katika vijiji vya wafugaji ambamo hakuna mzungu aliyewahi kuishi isipokuwa askari waliokuja mazoezini. Mtoto peke yake hathibitishi kwamba mama yake alibakwa, hilo twalijua. Anathibitisha tu kwamba yuko baba wa kutafutwa, na serikali ambayo mshirika wake aliweza kumtafuta mtu mmoja katika mashimo ya Tikrit mpaka akampata haikosi njia ya kutafuta orodha ya vikosi vyake yenyewe.

Wala lawama isibaki ng'ambo peke yake. Wanawake hao walisema kwamba tangu miaka ya mwanzo baadhi yao waliripoti kwa machifu na kwa polisi wa Kenya. Wale walikuwa maafisa wetu, waliolipwa kwa kodi yetu, katika ardhi yetu huru. Walipokea malalamiko, wengine waliyaandika, na wengi hawakufanya lolote, kwa kuwa mgeni yule alikuwa rafiki wa wakubwa na mlalamishi alikuwa mchunga mbuzi.

Tukiendelea mbele kidogo, unafiki huu unakuwa wa kutisha zaidi. Mwishoni mwa Machi 2012 mwanamke kijana, mama wa mtoto mchanga, alitoweka mjini Nanyuki baada ya kuonekana mara ya mwisho akiwa na wanajeshi wa Uingereza katika hoteli moja. Mwili wake ulipatikana mwezi Juni ndani ya tangi la maji machafu la hoteli hiyo. Kati ya miezi hiyo miwili, yaani Mei 2012, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alizindua mjini London mpango wa serikali yake wa kukomesha unyanyasaji wa kijinsia katika vita. Mwezi Juni 2014 mpango huo ulizaa mkutano mkubwa wa dunia katika jiji hilo hilo. Wajumbe walifika kutoka nchi zaidi ya mia moja, na mwenyekiti mwenza alikuwa mwigizaji Angelina Jolie. Mwongozo wa kimataifa wa jinsi ya kukusanya ushahidi wa ubakaji wa vitani ulitolewa, na kwa kweli ulikuwa mwongozo mzuri. Mawakili wanaowatetea waathiriwa wamefaidika nao. Hatuudharau. Lakini wakati unachapishwa, faili ya Nanyuki ilikuwa imelala kwa miaka miwili, na si kwa kukosa mwongozo.

Ililala mpaka Novemba 2019, hakimu wa Nanyuki alipomaliza uchunguzi wa chanzo cha kifo na kuamua kwamba mama yule aliuawa, na kwamba waliohusika ni mwanajeshi mmoja au wawili wa Uingereza. Bado hakuna aliyeguswa. Mwaka 2021 gazeti moja la London likaeleza kwamba wenzake wa mtuhumiwa walikuwa wakilifahamu jambo hilo na kulizungumza. Hapo ndipo wakubwa wa pande zote mbili walipoamka. Septemba 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikatoa hati ya kumkamata mwanajeshi wa zamani wa jeshi hilo, naye akakamatwa nchini mwake Novemba mwaka huo. Mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kama mshtakiwa mwingine yeyote, na hatumhukumu hapa. Tunahesabu miaka tu. Ni zaidi ya 13 tangu mwili upatikane hadi mtu mmoja akamatwe, katika kisa ambacho hoteli inajulikana, usiku unajulikana na kikosi kinajulikana.

Kiini cha jambo hili kimo katika mikataba, na tunawaomba wasomaji watuvumilie tukieleze, kwa kuwa wenye madaraka hupenda tukichoke kabla hatujakifahamu. Jeshi la nchi moja linapokaribishwa katika nchi nyingine, serikali hizo hukubaliana ni mahakama ya nani itakayomshtaki askari akikosa. Desturi ya mikataba mingi ni kwamba kosa lililotendwa kazini hushughulikiwa kwanza na nchi iliyomtuma, na kosa lililotendwa nje ya kazi hushughulikiwa na nchi mwenyeji. Kwa maandishi inaonekana ni haki. Katika vitendo, mwenye kuamua kama askari alikuwa kazini au la huwa ni mkubwa wake. Zoezi huchukua majuma machache, kisha kikosi kinapanda ndege. Mwanamke anapopata nguvu za kwenda kituoni, mtu aliyemtendea yuko maili elfu nne kutoka hapo, na hati ya kukamata inageuka kuwa karatasi ya kufungia sukari.

Mkataba wa ushirikiano wa ulinzi kati ya Kenya na Uingereza ulitiwa saini upya Julai 2021. Ulipofika katika Bunge la Taifa mwaka 2023 wabunge, kwa ajili ya kisa cha Nanyuki, walidai kwamba mauaji yasikingwe. Ilikuwa hatua njema. Kamati ya Bunge hilo kisha ikaenda Laikipia na Samburu kuwasikiliza wananchi, na mwaka 2025 ikatoa ripoti iliyotaja ubakaji na unyanyasaji miongoni mwa makosa ya wanajeshi hao. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza lenyewe lilikiri, baada ya uchunguzi wake, kwamba lilipata matukio 35 yanayoshukiwa ya askari wake kununua ngono nchini Kenya, na kwamba baadhi yalitokea baada ya jambo hilo kupigwa marufuku jeshini mwaka 2022.

Mpaka hapa tunajua kwamba msomaji anatikisa kichwa kwa kukubali. Kumlaumu mkoloni ni kazi nyepesi, na wanasiasa wetu wanaipenda kwa sababu haiwagharimu kitu. Lakini nyani haoni kundule, nasi hatungekuwa tumewatendea wasomaji wetu haki kama tungeishia Nanyuki.

Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mamia ya wanawake, na wanaume pia, walinajisiwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilisikiliza habari hizo mwaka 2008, na haikuficha kwamba miongoni mwa waliotajwa na waathiriwa walikuwamo maafisa wa usalama wa serikali: polisi na askari wa utawala, watu waliopewa bunduki ili wawalinde. Kenya ilikuwa mwanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tangu mwaka 2005. Tena ilikuwa imejipatia heshima, kwa maana Marekani ilipotaka nchi zitie saini ahadi ya kutowapeleka Wamarekani katika mahakama hiyo, Kenya ilikataa, ikakubali kunyimwa sehemu ya misaada ya kijeshi. Wakati ule viongozi wetu walisema kwamba hakuna taifa lililo juu ya sheria. Septemba 2013, kesi zilipowafikia wakubwa wa Kenya wenyewe, na ubakaji ukiwa miongoni mwa mashtaka katika mojawapo, wabunge walipitisha hoja ya kujitoa katika mahakama ile ile. Mashtaka dhidi ya Rais Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, mwendesha mashtaka akisema hana ushahidi wa kutosha na kuilalamikia serikali ya Kenya kwa kutoshirikiana naye. Mtu ambaye mahakama haikumtia hatiani hatuna idhini ya kumtia hatiani sisi. Lakini wanawake wale walinajisiwa na mtu fulani, na mtu huyo, au watu hao, hawakutafutwa Nairobi wala The Hague.

Manusura wanane walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2013 wakiishtaki serikali. Hukumu ilitoka Desemba 2020. Wanne kati yao waliamuliwa kulipwa shilingi milioni 4 kila mmoja kwa kuwa serikali ilishindwa kuwalinda na kuchunguza. Uamuzi huo ulisifiwa, na ulistahili sifa, kwani ulikuwa wa kwanza wa namna yake kwa ghasia zile. Miaka saba kortini! Mtoto aliyezaliwa siku kesi ilipofunguliwa alikuwa amekwisha kuanza shule.

Kisha ukaja uchaguzi wa mwaka 2017. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iliorodhesha visa 201 vya unyanyasaji wa kijinsia, na zaidi ya nusu ya waliotajwa kuvitenda walikuwa maafisa wa usalama. Kisumu, Nairobi, Vihiga, Bungoma: mlango unavunjwa usiku, mwanamume anapigwa, mke anaburutwa. Ni Oktoba 2022 tu ambapo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha mashtaka ya makosa dhidi ya binadamu, ubakaji ukiwamo, kwa maafisa wa polisi kuhusu operesheni ya Kisumu. Tulishangilia. Baada ya hapo kesi ikaanza safari ile tuijuayo ya kuahirishwa na kuahirishwa tena.

Wakati wote huo, usidhani kwamba wanasiasa walinyamaza juu ya ubakaji. Kila mara mtoto anaponajisiwa na habari ikatangazwa redioni, husimama mmoja wao akataka wabakaji wahasiwe, mwingine akataka wanyongwe, na mkutano ukapiga makofi. Ukali wa maneno haya ni wa bei nafuu. Sheria tunayo: Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inaweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa ubakaji, na kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa umri wa miaka 11 au chini yake. Na tukumbuke jinsi Bunge lilivyoipitisha. Kifungu kilichokusudiwa kumlinda mke dhidi ya mume kiliondolewa, na humo kikaingizwa kingine, cha 38, kilichosema kwamba mlalamishi ambaye mashtaka yake yangeonekana ni ya uongo ataadhibiwa kwa adhabu ile ile ya mbakaji. Kifungu hicho kilikaa katika vitabu hadi mwaka 2012. Kwa miaka sita mwanamke wa Kenya aliingia kituoni akijua kwamba akikosa kuaminiwa huenda yeye ndiye atakayefungwa.

Mwaka uliofuata, 2013, msichana wa shule katika Kaunti ya Busia alibakwa na kundi la vijana na kutupwa ndani ya shimo la choo. Polisi waliwakamata baadhi ya watuhumiwa, wakawapa adhabu ya kukata nyasi za kituo, wakawaachilia. Sheria ya kifungo cha maisha ilikuwapo, hakimu alikuwapo, gereza lilikuwapo. Ilihitajika saini za watu zaidi ya milioni moja kutoka pande zote za dunia, na maandamano ya wanawake jijini Nairobi, ndipo watatu wakahukumiwa mwaka 2015 vifungo vya miaka 15. Basi anayetaka kuongeza ukali wa adhabu atuambie kwanza nani alifungwa kwa zile zilizopo. Mbakaji haogopi adhabu kubwa isiyomfikia. Wala sisi, tulioandamana dhidi ya vyumba vya mateso vya Nyayo House, hatuwezi kuipa serikali hii wala nyingine kisu cha kuwakata watu viungo.

Ni serikali ya nchi hii hii iliyojitolea kwenda Haiti. Azimio nambari 2699 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitishwa Oktoba 2023, na miongoni mwa maovu yaliyotajwa ya magenge ya Port-au-Prince ulikuwamo ubakaji unaotumiwa kama silaha. Januari 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwatuma polisi huko kulikiuka Katiba. Walitumwa. Kundi la kwanza lilitua Haiti tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo polisi waliobaki nyumbani walikuwa wakiwapiga risasi vijana nje ya Bunge la Nairobi.

Hatupingi kwamba watu wa Haiti wanastahili kusaidiwa, na askari wetu waliokwenda walihatarisha maisha yao. Wapo waliofia huko. Lakini Haiti ina kumbukumbu ya wasaidizi. Kati ya mwaka 2004 na mwaka 2007 wanajeshi wa Sri Lanka waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa waliwatumia watoto kingono, wakiwahonga vyakula na visenti. Zaidi ya mia moja walirudishwa kwao mwaka 2007. Uchunguzi wa shirika la habari la Associated Press, uliochapishwa mwaka 2017, haukupata hata mmoja aliyefungwa. Sheria ilikuwa ile ile ya Nanyuki ikiwa imevaa kofia ya buluu: mwenye kumshtaki askari ni nchi iliyomtuma peke yake, na nchi hiyo haikuona haraka. Mwaka 2014 Human Rights Watch ilieleza mambo kama hayo katika kambi za majeshi ya Umoja wa Afrika mjini Mogadishu, ikiwataja askari wa Uganda na Burundi. Kenya inapotuma watu wake ng'ambo hutaka nao wapate kinga ya namna hiyo hiyo. Mbunge anayepiga meza kwamba Mwingereza ashtakiwe Nanyuki, je, yuko tayari Mkenya ashtakiwe Port-au-Prince au Kismayu? Hatujasikia hata mmoja akilitamka hilo.

Wasomaji wetu walio makanisani wanaifahamu habari ya Tamari binti Daudi, ambayo makanisa ya eneo letu yaliichukua miaka ya karibuni kuwa msingi wa kampeni dhidi ya ukatili wa kijinsia. Kwa kawaida mahubiri humkazia macho Amnoni. Sisi tungependa kumtazama mfalme. Ni yeye aliyemwagiza binti aende katika nyumba ya kaka yake kumpikia. Amri yake ndiyo iliyomfikisha mlangoni. Alipopata habari, tunaambiwa, alikasirika sana. Habari ya hasira yake inaishia hapo. Hakumwita mwanawe barazani, hakumwuliza neno, hakumwadhibu. Mfalme huyo alikuwa hodari wa vita, majeshi yake yalikuwa yakiwaadhibu mataifa ya jirani mmoja baada ya mwingine, lakini ndani ya jumba lake hakuweza kumgusa mtu mmoja kwa kuwa alikuwa wake. Tamari alikaa katika nyumba ya Absalomu akiwa ameambiwa anyamaze. Miaka miwili baadaye Amnoni aliuawa na ndugu yake karamuni, na baada ya hapo taifa zima likaingia katika uasi.

Tunadai basi mambo ambayo yanaweza kutendwa na serikali yoyote iliyo na nia. Katika kila mkataba wa kijeshi ambao Kenya inautia saini, iwe ni mwenyeji au mtumaji, ubakaji uandikwe kwa jina lake kuwa si kazi ya askari kamwe, ili asitokee mkubwa wa kikosi wa kuamua kwamba ulitendwa zamuni. Mtuhumiwa asipandishwe ndege kabla damu na mate yake hayajachukuliwa na kuhifadhiwa na mkemia wa serikali ya nchi mwenyeji. Manusura waliopewa fidia na mahakama walipwe bila kuburutwa kwa rufaa. Na kesi ya Kisumu isikilizwe siku baada ya siku mpaka iishe.

Kwa ndugu zetu wa parokia na vikundi vya akina mama tuna ombi dogo zaidi. Mheshimiwa atakapokuja Jumapili na bahasha ya mchango wa paa, kabla hajakabidhiwa kipaza sauti, aulizwe mbele ya washiriki wote: mkataba na Uingereza unaporudishwa Bungeni, utapiga kura gani juu ya mwanajeshi anayebaka? Na polisi wetu akibaka Haiti, utataka ahukumiwe wapi? Jibu lake liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu cha kanisa, pamoja na tarehe.